Jalada la mchezo mdogo wa video: mchoro wa kuvutia au sura halisi ya mchezo?

Anayetengeneza mchezo wa video peke yake au na wenzake wawili watatu, hasa mchezo mwepesi wa kujiburudisha kwa nusu saa, hufika mahali ambapo kazi ya programu imekwenda vizuri lakini hajui aweke nini kwenye jalada la dukani, yaani picha inayouwakilisha mchezo katika maduka ya mtandaoni. Wapo wanaomshauri amlipe mchoraji stadi achore picha inayopendeza kuliko chochote kilichomo mchezoni, kwa sababu jalada lisipobofywa hakuna atakayeijua kazi yake. Wapo pia wanaosema jalada lioneshe mchezo kama ulivyo, kwa mtindo uleule wa uchoraji, ili mnunuzi ajue anachokipata. Pande zote mbili zina hoja za kweli, ingawa kwa maoni yangu zote zinabishania jambo la pili kabla ya kumaliza la kwanza.

Upande wa mchoraji una nguvu ya hesabu. Tangu 2021, Steam pekee, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, limekuwa likipokea zaidi ya michezo 10,000 mipya kila mwaka, na katika msongamano huo mnunuzi hasomi maelezo wala hatazami video ya tangazo mpaka jicho lake linase kwanza kwenye picha. Mfano unaotajwa sana ni Vampire Survivors, ulioanza kuuzwa Steam mwishoni mwa 2021: jalada lake limechorwa kwa mkono wa mchoraji, likiwa na giza na mashujaa wa hadithi za kutisha, ilhali mchezoni wahusika ni vidude vya pikseli (nukta zinazounda picha ya skrini) chache vinavyozungukwa na makundi ya maadui. Desturi hiyo si ngeni. Tangu mashine ya Atari 2600 ilipotoka mwaka 1977, masanduku ya michezo yake yalipambwa kwa michoro ya magari na vita vya angani, na aliyenunua akafika nyumbani akakuta miraba michache inayosogea kwenye skrini.

Tofauti ni kwamba mnunuzi wa wakati ule hakuwa na njia ya kuuona mchezo kabla ya kulipa. Wa leo anabofya mara moja tu na kukuta picha za skrini, video na maoni ya wachezaji, na hapo ndipo hoja ya upande wa pili inapopata uzito. Steam humrejeshea fedha mnunuzi anayeomba ndani ya siku 14 iwapo hajacheza zaidi ya saa 2. Kwa mchezo mkubwa wa saa 60 sharti hilo halitishi sana, lakini mchezo mwepesi mara nyingi huisha, au huwa umeshaonesha karibu kila ulicho nacho, kabla ya saa hizo mbili kupita. Aliyevutwa na jalada la vita akakuta mchezo wa kupanga vyombo kabatini ana muda wa kutosha kuurudisha, na akiamua kubaki nao huenda akaandika maoni mabaya. Duka hilo huanza kuonesha alama ya jumla ya maoni pale yanapofika 10, kwa hiyo wanunuzi wachache waliokosewa mwanzoni wanaweza kuupaka mchezo rangi isiyotoka kwa urahisi.

Hata hivyo, Vampire Survivors haukuadhibiwa kwa jalada lake, na sababu yake inafaa kuangaliwa kwa makini. Jalada lile halikudanganya kuhusu jambo ambalo mnunuzi alilijali. Liliahidi giza, mazimwi na ujasiri wa michezo ya zamani, na vyote hivyo vimo ndani, ila kwa pikseli chache zaidi. Mnunuzi husamehe tofauti ya ustadi wa mchoro, lakini hasamehi tofauti ya aina ya mchezo wala ya hali anayoitafuta. Anayetaka utulivu akiuziwa taharuki ataona ametapeliwa hata kama kila pikseli ya jalada imetolewa mchezoni. Kwa hiyo uaminifu wa jalada hupimwa kwa kile mchezaji atakachofanya na atakavyojisikia akikifanya. Kwa upande mwingine, Untitled Goose Game wa 2019 ulitumia bata bukini mweupe kwa mtindo uleule wa rangi bapa unaoonekana mchezoni, nao ukafanikiwa sana. Njia zote mbili zimewahi kuzaa matunda, na ndiyo maana sidhani kwamba swali la nani achore ndilo linalopaswa kutangulia.

Linalopaswa kutangulia ni ukubwa. Chukua jalada la kubuni la mchezo wa kutunza bustani: msichana ameshika kopo la kumwagilia, paka amelala dirishani, nyuma yake kuna nyumba yenye paa la vigae na miti ya matunda, na jina la mchezo limeandikwa kwa herufi nyembamba za mwandiko wa mkono zilizopinda kufuata paa. Likiwa na upana wa pikseli 1,232, ambao ndio upana wa picha kubwa inayodaiwa na Steam, linapendeza kweli. Lipunguze hadi pikseli 231 kwa 87, kipimo ambacho kimetumika kwa miaka mingi katika orodha na matokeo ya utafutaji, na paka anakuwa doa la kijivu, uso wa msichana haujulikani unatazama wapi, na herufi zinamezwa na vigae. Lipunguze tena hadi 120 kwa 45, kipimo ambacho Steam hukizalisha yenyewe kutokana na picha ndogo, na hakibaki chochote ila kijani na kahawia zilizovurugana. Mchoraji amefanya kazi nzuri na mtengenezaji ameionesha bustani yake kwa uaminifu, lakini picha haijasema neno.

Ndiyo maana mwongozo wa Steam wenyewe unataka jina la mchezo likaribie kuijaza picha ile ndogo. Mchoro wenye masimulizi mengi una nafasi yake katika picha ya wima ya pikseli 748 kwa 896 au ile ya maktaba, yaani orodha ya michezo ambayo mtu ameshainunua, ya 600 kwa 900, ambako kimo kinaruhusu mhusika mmoja asimame na jina likae juu au chini yake. Maduka mengine yana mahitaji tofauti kabisa. Kwenye itch.io, kipimo kinachopendekezwa ni 630 kwa 500, picha inaweza hata kuwa ya kusogea, na jina huandikwa chini yake, kwa hiyo kulirudia ndani ya picha si lazima. Kwenye Google Play na App Store kinachobeba mzigo ni ikoni ya mraba, na kubandika humo jina la herufi kumi na mbili ni kupoteza nafasi. Anayechora picha moja kisha akaikata kwa kila duka atakuwa na picha moja nzuri na nyingine zilizokatwa vichwa.

Tusisahau pia kwamba maandishi ya kusaidia hayapo tena. Tangu 1 Septemba 2022 Steam haikubali kwenye majalada alama za wakaguzi, majina ya tuzo wala matangazo ya punguzo. Isipokuwa kwa muda mfupi wakati wa kutangaza sasisho kubwa, kinachoruhusiwa ni mchoro, jina la mchezo na jina lake dogo rasmi. Wapo waliolalamika, lakini nadhani kanuni hiyo imemsaidia mtengenezaji mdogo, ambaye kwa kawaida hakuwa na tuzo za kubandika.

Kuna mvutano mwingine unaohusu michezo myepesi hasa. Michezo ya utulivu imejijengea sura yake: rangi za pinki na kijani hafifu, paka, mimea ya chungu, herufi za mviringo. Kuifuata sura hiyo kuna faida, kwa maana anayependa michezo hiyo huitambua papo hapo. Ila katika safu ya majalada kumi yanayofanana, lako halina sababu ya kuchaguliwa. Balatro, uliotoka Februari 2024, ulikuja na jina zito juu ya wekundu na ubuluu unaozunguka kama kimbunga, nao ni mchezo wa karata. Ningeshauri kuikubali desturi katika jambo moja, ama rangi ama mhusika, na kuivunja katika lingine.

Wengine watasema takwimu ziamue. Google Play ina majaribio ya kulinganisha picha, na App Store tangu mwisho wa 2021 huruhusu kupima hadi matoleo matatu mbadala. Steam huonesha picha imeonekana mara ngapi na imebofywa mara ngapi, lakini haigawi watazamaji makundi mawili, kwa hiyo anayebadilisha jalada analinganisha wiki hii na iliyopita, pengine moja ikiwa na tamasha la punguzo na nyingine haina. Zaidi ya hapo, kiwango cha kubofya kikipanda kwa sababu jalada limeahidi kisichokuwamo, hesabu ya marejesho ndiyo itakayosema ukweli.

Limebaki suala la fedha. Kutumia akili mnemba badala ya mchoraji kunaonekana rahisi, lakini tangu Januari 2024 Steam inawataka watengenezaji waeleze matumizi hayo, na maelezo huonekana kwenye ukurasa wa mchezo, ambapo baadhi ya wanunuzi huishia hapo hapo. Mwenye bajeti ya mchoro mmoja tu afadhali amwagize mchoraji mhusika mmoja mwenye umbo linalotambulika hata likiwa kivuli, na akubaliane naye kabla ya malipo kwamba atakabidhiwa faili lenye tabaka: mhusika peke yake, mandharinyuma peke yake, jina peke yake. Kwa faili hilo anaweza kupanga upya kila kipimo mwenyewe, kulikuza jina kwenye picha ndogo, na kulitoa kabisa kwenye ikoni.