Kabla hujanionesha programu, niambie: inafanya kazi bila bando?

Jumamosi iliyopita tulikaa walimu arobaini na kitu kwenye ukumbi mmoja tangu saa tatu asubuhi, tukioneshwa programu mpya ya kufundishia. Mwezeshaji alikuwa kijana mwenye kauli nzuri. Kila mwanafunzi, alisema, atafungua akaunti yake, atafanya zoezi kwenye simu yake, na mwalimu ataona alama zikiingia palepale. Nikanyoosha mkono. Nikamweleza kwamba shuleni kwangu mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu, na hata angeruhusiwa, nyumbani kwao simu ni moja, ni ya baba, na baba akitoka anatoka nayo. Mtandao wenyewe ukiutaka uusogelee mwembe ulio nyuma ya nyumba ya mlinzi. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba hizo ni changamoto za miundombinu, kwamba walimu tuwe wabunifu, na suala la intaneti tutalimaliza wenyewe kwenye ngazi ya shule.

Wiki nzima neno hilo limenikaa kooni. Tutalimaliza wenyewe kwa mfuko gani? Bando la kuandalia masomo nalinunua kwa mshahara wangu, na wenzangu hivyohivyo. Sasa naambiwa ninunue na la watoto sabini na wanane.

Vile vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vilipogawiwa walimu, mimi sikukiweka changu kabatini. Nimefundishia nacho, nimekiazima kwa walimu wa hisabati, kioo kimepata ufa pembeni na bado kinafanya kazi. Kwa hiyo ninaposema nimekasirika, sikasirishwi na kishikwambi. Nimekasirishwa na watu wanaotengeneza vifaa vya darasa bila kuliuliza darasa lina nini, halafu kifaa kikikwama lawama inamrudia mwalimu kwamba hana ubunifu.

Niwaeleze kilichotokea muhula uliopita kidato cha pili, mada ya umeme.

Kila mwalimu wa fizikia anaujua ugonjwa huu. Ukichora ubaoni betri na balbu mbili zilizofuatana kwenye waya mmoja, ukauliza ipi itawaka zaidi, zaidi ya nusu ya darasa watakwambia ni ya kwanza. Sababu wanayo tayari: ile ya kwanza imeshakula umeme, ya pili inapata makombo. Ni fikra yenye mantiki yake. Nyumbani anayetangulia kwenye sinia ndiye anayeshiba. Miaka kumi na moja nimefundisha mada hii kwa chaki, nikisema mkondo wa umeme ni uleule kila mahali kwenye mzunguko usio na matawi, wanaandika, wanakariri, mtihani wanaujibu. Ukiwauliza kwa namna nyingine kidogo, balbu ya kwanza inarudi kula umeme wa mwenzake.

Maabara yetu ina ammita mbili, vile vipimo vya mkondo wa umeme, moja sindano yake haisogei. Balbu zilizopo hazitoshi hata vikundi vitatu. Hapo ndipo kishikwambi kilipoingia. Kuna mkusanyiko wa maabara za kwenye skrini unaoitwa PhET, ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder huko Marekani na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. Ni bure. Unapakua faili mara moja, na baada ya hapo unalifungua kwenye kivinjari huku data umeizima. Nililipakua chini ya mwembe siku ya Jumapili.

Sikuanza kwa kuwaonesha. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo linalosahaulika kwenye semina zote. Kwanza kila mmoja aliandika kwenye daftari lake kwa peni, siyo penseli: ipi itawaka zaidi, na kwa nini. Kisha wakanyoosha mikono, tukahesabu, tukaandika idadi ubaoni. Walioshikilia kwamba ya kwanza inakula zaidi walikuwa wengi, na walikuwa na uhakika. Wachache walisema zitalingana, wakazomewa kidogo. Ndipo nikakiweka kishikwambi kwenye meza ya mbele, vikundi vikawa vinakuja kimoja baada ya kingine, huku waliobaki wakifanya maswali ya ubaoni. Kwenye ile skrini unaburuta betri, unaburuta waya na balbu, unafunga mzunguko kwa kidole. Vidude vidogo vya bluu vinaanza kutembea ndani ya waya, ndizo elektroni. Balbu mbili zikawaka sawasawa. Kijana mmoja akaniambia, "Madamu, hebu tuzipishanishe." Akazipishanisha. Zikawaka sawasawa. Akaweka ammita kabla ya balbu ya kwanza, akaihamishia katikati, akaihamishia mwisho. Namba ileile. Akabaki ameinama anahesabu vile vidude vya bluu vikipita, kana kwamba anamvizia mwizi.

Kikundi cha nne kiliunganisha betri kwa waya mtupu bila balbu, moto ukatokea kwenye skrini, wakaruka nyuma. Kwa betri ya kweli nisingewaruhusu. Pale niliwaacha waunguze mara tatu, halafu nikawauliza kwa nini.

Vipindi viwili vya dakika 40, kishikwambi kimoja, watoto 78, na bando sifuri. Somo hilo lilitembea kwa sababu ya mambo mawili: chombo hakikudai chochote ambacho shule haina, na swali lilitangulia chombo. Nikiulizwa leo ni programu ipi inastahili kuingia darasani, nitaipima kwa hayo kwanza. Rangi, muziki, nyota za pongezi anazopewa mtoto akijibu sawa, hayo yaje baadaye.

Na wasitwambie kwamba kutengeneza kitu kisichotegemea mtandao ni jambo lisilowezekana. Hapahapa mkoani Tanga liliwezekana. Kuanzia mwishoni mwa 2017 mpaka 2019, kwenye vijiji karibu 170 vya mkoa huu, watoto wapatao 2,700 walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Yalikuwa mashindano ya Global Learning XPRIZE, na serikali yetu, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walishiriki kuyaendesha. Chaji ilitoka kwenye vituo vya umeme wa jua vilivyowekwa vijijini. Zaidi ya watoto tisa kati ya kumi, mwanzoni, hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi yao ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 timu mbili, onebillion na Kitkit School, ziligawana tuzo ya dola milioni 10.

Mwezeshaji wetu aliutaja mfano huohuo, akautumia kuonesha kwamba mtoto akipewa kifaa mwalimu siyo lazima sana. Hapo nilitamani kusimama. Wengi wa wale watoto walikuwa hawajawahi kuingia darasani. Kwa mtoto ambaye hana mwalimu kabisa, kishikwambi ni baraka na ninashukuru kilimfika. Lakini nusu ya waliokuwa hawasomi neno walibaki hawasomi neno, na kijiji hakikuacha kuhitaji mwalimu. Ninachokiona mimi kwenye mfano huo ni kingine: waliotengeneza programu zile waliambiwa tangu siku ya kwanza kwamba mtandao haupo, umeme haupo, lugha ni Kiswahili. Wakatengeneza hivyo. Walioandaa mashindano walijua wanakwenda wapi, na hiyo ndiyo heshima ninayoidai kwa ajili ya darasa langu.

Ukitaka mfano wa upande wa pili, tazama Peru. Waligawa kompyuta ndogo za mradi wa kompyuta moja kwa kila mtoto, na mwaka 2012 Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika ikatoa matokeo ya utafiti uliofanyika kwenye shule 319 za vijijini: alama za hisabati na lugha hazikupanda. Kompyuta zilifika, matumizi ya kompyuta yakaongezeka, ufundishaji ukabaki palepale. Jirani zetu Kenya nao, ahadi ya kompyuta mpakato kwa darasa la kwanza ilitolewa 2013, na vifaa vikaanza kufika shuleni 2016, vikiwa vishikwambi. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza wakati wa ahadi alikuwa darasa la nne. Waliosoma huko watusimulie wenyewe.

Kuna jambo moja la mwezeshaji ninalolikubali, kwa shingo upande. Kusahihisha. Nina mikondo mitatu ya kidato cha pili, madaftari mia mbili na kitu, na zoezi la Jumatatu wanarudishiwa Ijumaa wakati mada imeshapita. Programu inayosahihisha palepale na kunionesha kwamba swali la nne limewashinda theluthi mbili ya darasa, hiyo naitaka, na anayenipa nitampigia magoti. Lakini hata hiyo ipo isiyohitaji intaneti. Inaitwa Kolibri, imetengenezwa na Learning Equality, ni bure, na hata vitufe vyake unaweza kuviweka kwa Kiswahili. Masomo na mazoezi unayaweka kwenye kompyuta moja, vishikwambi vinaungana nayo kwa Wi-Fi ya humohumo darasani, na mwalimu anaona nani amekwama wapi. Kompyuta yenyewe inaweza kuwa Raspberry Pi, ukubwa wa kiganja. Shule inahitaji hiyo, vishikwambi kumi, na mtu mmoja wa kuja kutufundisha kuifunga. Fedha iliyolipia ule ukumbi, chakula na nauli zetu sote ingefika mbali kwenye ununuzi huo.

Lugha nayo, kwa kifupi: mtoto wa kidato cha kwanza aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili hawezi kushindana na programu inayomuuliza kwa Kiingereza na kumhesabia sekunde.

Namkumbuka shangazi yangu alipoanza kutumia M-Pesa. Huduma hiyo ilipoanza Kenya mwaka 2007, haikumtaka mtu anunue simu mpya. Ilitumia simu za vitufe ambazo watu walikuwa nazo mfukoni, na duka la mtaani ambalo walikuwa wanalijua. Shangazi hakupelekwa semina. Waliobuni walianza na alichonacho. Kwa nini walimu na wanafunzi ndio watu pekee wanaoambiwa wajisogeze wao mpaka kwenye kifaa?

Na tuheshimiwe kwa kuulizwa. Kwenye vikao vyetu vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, pale shuleni tunakaa walimu wanane, na kwa saa moja tunajifunza mengi kuliko siku nzima ya ukumbini, kwa sababu anayeonesha kesho anaingia darasa lilelile, na kikikataa tunajua kumpata wapi.

Nirudi kwenye zile balbu, maana habari haikuishia kwenye skrini. Asubuhi iliyofuata binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye huwa haongei, alikuja mezani kwangu na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na balbu mbili za tochi, betri mbili, na waya aliouchomoa kwenye redio iliyokufa. "Shikamoo madamu. Nimekuja kuhakikisha kama kile kishikwambi kinasema kweli." Nikampa meza ya mbele. Akaunganisha, darasa limemzunguka. Balbu moja ikawaka vizuri, ya pili ikafifia. Kelele zikapanda: kishikwambi kimetudanganya, ya kwanza imekula umeme! Wale waliozomewa siku iliyopita walinitazama mimi, wakingoja niwaokoe.

Nilitamani sana kusema. Nilinyamaza. Binti alizitazama balbu zake kwa muda, akazifungua, akazibadilishia nafasi, akaunganisha tena. Ile iliyokuwa inafifia mwanzo ikafifia tena, safari hii ikiwa upande wa mbele.

"Ni balbu yenyewe, madamu. Siyo nafasi yake."

Nikamuuliza sasa tufanyeje tujue balbu yenyewe ina nini. Akasema anataka ammita. Nikampa ile nzima.

Mafaili yote ya umeme, pamoja na ya mwanga na ya nguvu, ninayo kwenye flashi. Moja kwa kawaida halina ukubwa unaozidi wimbo mmoja. Mwalimu wa jirani anayeyahitaji aje na flashi yake kikao kijacho, na kama kishikwambi chake kimekaa kabatini tangu kigawiwe, akichaji usiku huo aje nacho.