CFO (mkuu wa fedha wa kampuni) kapanda cheo sawa, ila breki anakanyaga nani?

Zamani kampuni nyingi za kwetu mtu wa fedha ulikuwa unakutana naye ukiwa na shida tu, mshahara umepungua au una risiti ya mafuta anaikataa. Kazi yake mahesabu ya mwaka, wakaguzi, TRA, basi. Siku hizi ndo anakaa pembeni ya bosi mkuu, na wengine wanakichukua kiti chenyewe.

Cheki benki ya NMB. Ruth Zaipuna aliingia kama CFO, akakaimu, 2020 akathibitishwa kuwa mtendaji mkuu, na 2022 benki ikatoa hatifungani ya Jasiri (yaani inakopa hela kwa wawekezaji) kwa ajili ya biashara za wanawake, walikuwa wanatafuta shilingi bilioni 25 zikaja zaidi ya 74. Kenya nako James Mwangi alianzia kwenye fedha pale Equity Building Society miaka ya 90, wakati ipo hoi kabisa, leo mnaijua Equity ilipo.

Mimi naona kilichowapandisha zaidi ni dola. 2023 dola zilipoadimika Bongo, meneja mauzo ana oda mkononi na wateja wanapiga simu kila saa, lakini mzigo utatoka lini anajua mtu wa fedha, maana yeye ndo anabembelezana na benki na kumwomba sapulaya wa nje asubiri kidogo, kwa hiyo bei mpya, oda ipi iende, bidhaa ipi iachwe kwanza, vyote vikahamia mezani kwake. Mtu kashazoea kuamua hayo utamrudishaje kwenye Excel tu?

Ila yule mkorofi wa risiti alikuwa na faida yake jamani. CFO akianza na yeye kuwauzia wawekezaji ndoto, na bonasi yake inapanda na hisa kama ya bosi wake, nani atasema hapana? Steinhoff, kampuni ya fanicha na maduka ya Afrika Kusini, ilianguka Desemba 2017, ikaja kujulikana mahesabu yalipikwa, na aliyekuwa CFO wao, Ben la Grange, akakiri kosa la udanganyifu mahakamani 2024, akala miaka 10 jela, nusu imesimamishwa, yaani haitumikii akitulia. Na huyo alikuwa ndani ya bodi kabisa, sio karani wa chini.

Kwa hiyo mpeni CFO nguvu, sina neno, lakini mkaguzi wa ndani mtoeni chini yake aripoti kwa kamati ya ukaguzi ya bodi, na iwe kweli sio kwenye makaratasi. Kuna ofisi mkaguzi akitaka likizo anayesaini ni CFO, sasa hapo atamkagua vipi?