Mlipita kwao saa ngapi?

Zilikuwa zimebaki dakika nne semina ya afya ya jamii chuoni imalizike. Mtoa mada alishafika kwenye slaidi iliyoandikwa "Asanteni kwa kunisikiliza", na msimamizi wa kikao alikuwa ameinuka nusu kitini. Utafiti ulihusu watoto wasiomaliza chanjo. Ulikuwa utafiti mzuri, ulioandaliwa kwa jasho. Katika jedwali lake kubwa, mstari wa chini kabisa, kwa herufi ndogo, uliandikwa: "Hawakupatikana nyumbani."

Mwanamke mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha mkono. Alikuwa mhudumu wa afya ya jamii, pekee ukumbini kwa nijuavyo.

"Samahani daktari, hao ambao hawakupatikana, mlipita kwao saa ngapi?"

Akajibiwa kwamba wadodosaji walizunguka kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri.

"Basi saa hizo mlimkuta mama anayeshinda nyumbani. Yule anayetoka alfajiri na kurudi usiku hamkumwona. Na mtoto wake ndiye ninayemhangaikia mimi kila mwezi."

Msimamizi akatazama saa, akashukuru wote, tukaambiwa tusisahau kusaini karatasi ya mahudhurio.

Nimehudhuria semina nyingi za afya ya jamii chuoni, na bado swali lile haliniondoki. Angalia lilivyogusa mfupa. Kama kinachomfanya mama asikutwe nyumbani ndicho hicho hicho kinachomfanya asifike kliniki, basi watu waliokosekana kwenye sampuli, yaani kundi lililochaguliwa kuchunguzwa, ndio hasa uliokuwa unawatafuta. Kuongeza idadi ya kaya hakusaidii. Ukipita kaya elfu kumi kwa saa zile zile, utapata jibu lile lile lenye kasoro, tena utaliamini zaidi kwa sababu namba zimekuwa kubwa. Hakuna programu ya takwimu itakayokunong'oneza hilo. Analijua anayegonga ile milango.

Ndiyo maana inanikera tunavyogawa muda. Dakika hamsini za kuwasilisha, kumi za maswali, na hizo kumi humegwa na projekta iliyogoma, na utambulisho wa wageni, na mtoa mada aliyeshindwa kuacha slaidi hata moja. Wasilisho naweza kulisoma peke yangu kesho. Swali kutoka kwa mtu anayeona nisichokiona siwezi kulipata popote isipokuwa mle ukumbini, siku ile, kwa watu wale. Ningepewa madaraka, muda ningeugawa nusu kwa nusu, na swali la kwanza lingekuwa la mtu wa kazi ya mtaani kabla profesa yeyote hajashika kipaza sauti.

Kila mwanafunzi wa epidemiolojia, elimu ya namna magonjwa yanavyoenea, anafundishwa habari za daktari John Snow na pampu ya maji ya Broad Street, London, mwaka 1854. Kipindupindu kiliua zaidi ya watu 600 katika mitaa ile michache, Snow akaonyesha kwamba vifo vinaizunguka pampu, akajenga hoja kwamba ugonjwa unatoka kwenye maji yake, na tarehe 8 Septemba mpini wake ukaondolewa. Hapo ndipo wengi wetu tunaposimulia na kufunga daftari. Henry Whitehead hatajwi sana, nami naona ndiye tungepaswa kumkumbuka kila tunapopanga orodha ya waalikwa. Alikuwa kasisi wa mtaa ule, hakuwa daktari, na hoja ya Snow hakuikubali. Akapita nyumba kwa nyumba kwa watu aliowajua kwa majina, akitaka kuikanusha. Aliyoyakuta yakambadilisha mawazo. Ni yeye aliyemfuatilia mtoto mchanga aliyeugua katika nyumba namba 40, ambaye maji ya kufulia nepi zake mama yake aliyamwaga kwenye shimo la maji taka la mbele ya nyumba. Shimo lile lilikuwa linavuja, na halikufika hata mita moja kutoka kwenye kisima cha pampu ile. Snow alikuwa na hoja. Whitehead alikuwa na milango inayofunguka.

Nina jambo la pili, nalo ni zito kuliko la muda. Semina zetu huja wakati kila kitu kimekwisha. Takwimu zimekusanywa, fedha zimetumika, makala iko kwa mhariri. Swali la saa ngapi lilikuwa na thamani kubwa mno kabla ya mdodosaji wa kwanza kutoka ofisini, maana wakati ule kulijibu kungegharimu mstari mmoja tu wa ratiba. Lilipokuja, lilikuwa limebaki la kuandikwa kwenye aya ya upungufu wa utafiti. Tuwasilishe hojaji kabla haijachapwa, na watakaohojiwa wawemo ukumbini. Hili si takwa langu peke yangu. Azimio la Helsinki, mwongozo wa maadili ya utafiti wa kitabibu kwa binadamu, lililopitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1964, katika marekebisho ya 2024 linataka washiriki na jamii zao washirikishwe kwa dhati kabla ya utafiti, wakati wa utafiti na baada yake.

Najua watu hawa ni vigumu kuwapata saa sita mchana siku ya kazi. Basi semina isiwe saa sita mchana. Tuipange jioni, tuwalipie nauli, tuzungumze lugha wanayoitumia kazini mwao. Tukifanya kikao saa ambayo mhusika hawezi kuja, tumerudia kosa la wale wadodosaji.

Siku ile nilipotoka niliwakuta wawili hao kwenye korido. Mtoa mada alikuwa ameegemea ukuta, hojaji imefunguliwa juu ya begi lake, anaandika pembeni kwa penseli. Mwanamke alikuwa anamtajia siku, na saa, na nyumba ambazo mbwa hufungwa baada ya saa moja usiku. Ukumbi ulishafungwa, na walikuwa bado ukurasa wa pili.