TSH ya Mzee Isisomwe Kama ya Kijana

Mzee analalamika uchovu, choo kigumu, na anajifunika shuka hata wakati wa kaskazi. Anapelekwa kupimwa damu, na cheti cha majibu kinarudi na TSH, homoni inayoiamrisha tezi ya thairoidi, ikiwa 6.2, mbele yake herufi H, yaani iko juu, na pembeni kiwango cha kawaida kimeandikwa 0.27 hadi 4.2. Siku ile ile anaanzishiwa vidonge vya levothairoksini, homoni ya thairoidi ya kutengenezwa, na anaambiwa ni vya maisha. Haraka hiyo naipinga, hasa mgonjwa akiwa ameshavuka miaka 70.

TSH haitoki kwenye thairoidi yenyewe. Inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamrisha thairoidi, ile tezi iliyokaa mbele ya koo, itengeneze homoni. Thairoidi ikilegea, TSH hupanda. Ikizidisha kazi, TSH hushuka. Ndiyo maana TSH ikiwa pekee haitoshi. Inatakiwa na FT4, yaani homoni ya thairoidi iliyo huru kwenye damu. TSH ikiwa juu na FT4 ikawa chini, hapo tezi imeshindwa kazi na dawa inahitajika. TSH ikiwa juu kidogo na FT4 ikawa sawa, hilo ni jambo jingine kabisa, na ndipo wazee wengi wanapotwishwa dawa wasizozihitaji.

Angalieni na vizio ambavyo FT4 huandikwa. Maabara moja hutumia pmol/L, nyingine ng/dL. Mzee aliyepimwa Chake Chake, Pemba, akapata 1.2, kisha akapimwa Mjini Unguja akapata 15.4, watoto wake watashtuka bure: ukizidisha 1.2 kwa 12.9 unapata karibu 15.4 ile ile. Kwa TSH hakuna shida hiyo, kwani mIU/L na µIU/mL ni namba moja.

Kile kiwango cha pembeni aghalabu hupatikana kwa kupima watu wazima wa rika mbalimbali, na wazee sana huwa wachache ndani yake. TSH hupanda taratibu kadiri umri unavyosogea. Kwa mtu wa miaka 80 na kitu, mwenye FT4 nzuri, TSH ya 6 au hata 7 inaweza kuwa ndiyo kawaida yake. Mwongozo wa Jumuiya ya Thairoidi ya Marekani wa 2014 ulikubali kwamba hata mgonjwa wa miaka 70 hadi 80 ambaye tayari anatumia dawa, TSH yake ilengwe kati ya 4 na 6. Mwaka 2017 ukatoka utafiti wa TRUST, uliofanyika Ulaya kwa watu 737 wenye miaka 65 na zaidi, wote TSH zao zikiwa juu kidogo na FT4 zikiwa sawa. Nusu walipewa levothairoksini, nusu vidonge visivyo na dawa. Baada ya mwaka, uchovu na dalili nyingine zilikuwa sawa pande zote mbili.

Basi yule mzee wa 6.2 afanyiwe nini? Arudiwe kipimo baada ya miezi miwili au mitatu, TSH pamoja na FT4, na ikiwezekana saa zile zile za asubuhi, maana TSH huwa juu usiku na alfajiri, ikashuka mchana. Wengi namba hushuka yenyewe. Ikiwa alipimwa akiwa amelazwa, au ametoka karibuni kwenye nimonia au upasuaji, majibu yale yasitegemewe: ugonjwa mkali huishusha TSH, na mtu anapopata nafuu huweza kupanda kupita kiasi kwa muda. Dokta aambiwe dawa zote anazotumia, hasa amiodaroni ya moyo na lithiamu ya maradhi ya akili, ambazo huichezea tezi. Na vile vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi, ambavyo hata kina bibi siku hizi wanaletewa na wajukuu, viachwe angalau siku mbili kabla ya kutoa damu. Katika baadhi ya mashine, biotini huifanya TSH ionekane chini na FT4 ionekane juu, mtu akaambiwa ana ugonjwa asiokuwa nao. Wakati huo huo uchovu utafutiwe sababu nyingine: damu pungufu, sukari, figo, na vitamini B12 kwa wanaotumia metformini, dawa ya kisukari, miaka mingi.

Kinachonibadilisha msimamo ni TSH iliyozidi 10 mara mbili, au FT4 iliyo chini. Hapo dawa ianze, lakini kwa mzee, hasa mwenye moyo mbovu, ianze na mikrogramu 12.5 hadi 25 kwa siku, ipandishwe polepole, na damu ipimwe tena baada ya wiki 6 hadi 8. Kupima baada ya wiki mbili ni kupoteza fedha. Na mzee aliyeanza kuwa mzito wa kuamka, baridi mwilini, mapigo ya moyo ya polepole, apelekwe hospitali mara moja, asisubiri kipimo cha pili.

TSH ya chini ndiyo inayonitia hofu zaidi, na ndiyo inayopuuzwa. Mzee mwenye TSH chini ya 0.1 yumo hatarini kwa moyo kupiga ovyo, jambo linaloweza kuleta kiharusi, na kwa mifupa kudhoofu hadi nyonga ivunjike kwa kuteleza tu chooni. Na kwa mzee dalili hujificha: hatetemeki, hachangamki, anakonda na kunyong'onyea, watu wakasema ni uzee. Sababu mojawapo kubwa ni vidonge vya levothairoksini vilivyozidi, dozi ya miaka kumi iliyopita ambayo hakuna aliyeitazama tena. Asiache ghafla kwa uamuzi wa nyumbani. Arudi kwa dokta dozi ipunguzwe.

Dozi yenyewe nayo huharibiwa na namna ya kumeza. Kidonge kinataka tumbo tupu na maji matupu, kisha kusubiri dakika 30 hadi 60 kabla ya chai ya maziwa au kahawa. Vidonge vya chuma na kalsiamu vikae mbali nacho kwa muda wa saa nne. Siku ya kupima, damu itolewe kwanza, kidonge baadaye. Kisiwekwe dirishani wala jikoni karibu na mvuke, joto la kwetu hukidhoofisha.

Ramadhani ndiyo huvuruga zaidi. Anayefunga anaweza kumeza wakati wa kulala, angalau saa tatu tangu kula mara ya mwisho, au aamke nusu saa hadi saa nzima kabla ya daku. Akimeza pamoja na uji wa futari au katikati ya daku, nyingi haiingii mwilini, na TSH itakayopimwa karibu na Idi itakuwa juu. Dozi isipandishwe kwa jibu hilo. Arudie utaratibu wake wa kawaida, apimwe wiki 6 hadi 8 baadaye.