Jiji likivunjwa, vitabu vyake vinakwenda wapi?

Februari 2021, siku ya kuzindua barabara za juu za Ubungo, Rais John Magufuli alitangaza kulivunja Jiji la Dar es Salaam, yaani halmashauri yake, na kuipandisha Ilala kuwa jiji. Hoja ilieleweka hata kwa asiyefuatilia siasa: Jiji halikuwa na eneo lake, wananchi na miradi vilikuwa kwenye manispaa tano, na juu yao kulikuwa na baraza jingine linalokula bajeti. Sibishani sana na hilo. Kinachonitatiza ni kwamba hiyo ilikuwa mara ya tatu ndani ya nusu karne.

Mara ya kwanza ilikuwa miaka ya mwanzo ya 1970, wakati wa Madaraka Mikoani, halmashauri zilipofutwa na kazi zao kupewa watendaji wa Serikali Kuu. Huduma za miji zikazorota, kipindupindu kikaingia, na 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Mara ya pili ni 1996. Baraza la madiwani liliondolewa ikaja Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, iliyokaa hadi 2000, ndipo zikazaliwa manispaa tatu za kwanza: Ilala, Kinondoni na Temeke.

Wanaotetea kuvunja hawakosi ushahidi, na Tume ndiyo karata yao kubwa. Mapato yalipanda, taka zikazolewa, barabara zikatengenezwa. Wenyeji wa Dar wa umri fulani bado wanaitaja kwa kuisifu. Ila Tume haikuwa na madiwani. Mweka hazina hakuwa na kikao cha wawakilishi wa kata cha kumuuliza robo hii umekusanya kiasi gani na umekipeleka wapi. Kasi yake ilitokana na hapo kwa sehemu kubwa, na udhaifu wake pia.

Wa upande wa pili wanasema madiwani ndio jicho la mwananchi, waachwe wafanye kazi. Nawaunga mkono, lakini kwa masharti, maana jicho hilo limesinzia mara nyingi. Chukua kitabu cha stakabadhi cha sokoni. Mkusanya ushuru anampa mfanyabiashara karatasi ya juu, nakala inabaki kitabuni. Asipoweka kaboni vizuri, au akiamua kutoiweka kabisa, juu anaandika 10,000 na chini 1,000. Kitabu kikiisha kinatakiwa kirudi kwa mhasibu. Kisiporudi, hakuna cha kulinganisha. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zimezungumzia vitabu visivyoonekana mpaka msomaji anazoea, na kuzoea huko ndiko kubaya.

Zikaja mashine za POS, za kielektroniki za kukusanyia mapato. Zimesaidia, tusiwe wagumu wa kukiri. Lakini mashine ikizimwa, au miamala ikakaa bila kutumwa kwenye mfumo, fedha inaweza kutumika kabla haijafika benki. Kwenye halmashauri jambo hilo lina jina kabisa: fedha mbichi. Kilichobadilika ni kwamba mashine, tofauti na kitabu, inaacha alama; anayetaka kufuatilia anaweza. Je, nani anataka?

Hapo ndipo halmashauri nyingi zinapojificha nyuma ya hati safi. Hati safi ni maoni kwamba hesabu zilizoandikwa zinaonyesha hali halisi katika mambo ya msingi. Halmashauri inaweza kuipata huku ikiwa na hoja za ukaguzi, yaani kasoro ambazo mkaguzi anataka zielezwe, zisizojibiwa za miaka iliyopita. Diwani anayeishangilia barazani bila kufungua kurasa za hoja hajasimamia kitu.

Hata hivyo, kwangu kuvunja kunaharibu zaidi upande mmoja: ufuatiliaji wa mali na madeni ya muda mrefu. Jiji lilikuwa na asilimia 51 ya shirika la mabasi la UDA, na mgogoro wa kuuzwa kwa hisa ulioanza 2011 uliendelea kwa miaka. Jengo la Machinga Complex lilijengwa kwa mkopo wa mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF, riba ikalivimbisha deni. Mambo kama hayo yanadumu kuliko baraza lolote. Walioweka saini wakishatawanyika, mkaguzi anabaki na jalada na ofisa mpya anayejibu kwamba hayo aliyakuta.

Serikali Kuu nayo haijaonyesha msimamo. Kodi ya majengo ilichukuliwa na Mamlaka ya Mapato (TRA) kuanzia mwaka wa fedha 2016/17, kisha 2021 ikaingizwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, wakati huo shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ukusanyaji umerahisika, sikatai. Ila chanzo kinachohamahama hivyo kinaipa halmashauri shida ya kutunza kumbukumbu za walipaji wake yenyewe, na kinampa mweka hazina kisingizio kizuri sana.

Kama kuvunja ni lazima, basi hesabu zifungwe kwanza. Orodha ya hati za viwanja, mikataba, hisa, madeni na vitabu vya stakabadhi visivyorudi isomwe hadharani, asaini mweka hazina anayeondoka na anayepokea, na nakala iende kwa CAG na kwa Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa (LAAC) kabla kibao cha ofisi hakijabadilishwa.