Chai ya Barafu Wakati wa Kwaresima

Kwetu Mafinga chai iliyopoa ni kesi. Mpe mgeni kikombe kisichotoa mvuke uone. Hatasema kitu. Atakishika kwa viganja viwili, atakitazama, kisha ataulizia kama kuni mwaka huu zinapatikana. Ndiyo namna yake ya kukuuliza kama umeishiwa. Mwezi wa sita na wa saba ndiyo usiseme kabisa, baridi inalala kwenye magoti, na kikombe cha chai kinaanza kwanza na kazi ya jiko, mambo ya kinywaji yanafuata baadaye.

Sasa mtu aliyezaliwa na kukulia hapa alifikaje mpaka akatia barafu kwenye chai? Sifa tu. Sifa ziliniponza.

Miaka michache iliyopita alikuwepo mtaani kwetu dada mmoja Mmarekani, kaja kujitolea kufundisha. Kwao Georgia, kusini ya Marekani. Majani yetu aliyapenda, na si ajabu, shika barabara ya Mgololo utayaona yenyewe yametandazwa vilimani kama mkeka, watu na vikapu mgongoni wanachuma majani mawili na kichomozo. Kilichomshinda ni namna tunavyoyapika. Sisi chai tunaichemsha mpaka ikiri makosa. Kwao, alisema, majani hayachemshwi, yanalowekwa tu dakika chache kwenye maji ya moto, inatiwa sukari ya kumkasirisha daktari, inapozwa, halafu inanywewa na barafu na kipande cha limau mpaka glasi inatoka jasho. Tena si mambo ya juzi, kuna kitabu cha mapishi cha huko cha mwaka 1879 kinachoieleza hiyo chai ya barafu. Nikapiga hesabu: miaka hiyo Mkwawa ndiyo kwanza anajijengea jina, na Uhehe nzima hakuna aliyewahi kuuona mti wa chai.

Alipoondoka aliniachia ukurasa mmoja wa daftari wenye maelekezo. Nikaanza mazoezi ya glasi mojamoja, kimyakimya, maana Mama angeniona angeniombea. Mara ya kwanza nilitia sukari chai ikiwa imeshapoa. Ikakaa chini ya glasi kama mchanga wa mtoni, juu chungu, chini asali. Kumbe ndiyo maana ukurasa ulisema sukari itiwe chai ikiwa moto. Mara ya pili nikatia sukari ikiwa moto, lakini kwa haraka zangu nikaipeleka moja kwa moja kwenye friza la duka la jirani. Ikatoka na ukungu kama maji ya kufulia. Dada alikuwa ameliandika hilo pia, na chini yake akapiga mstari: chai ikipozwa ghafla, vile vitu vinavyoipa ukali vinashikana na kuichafua, kwa hiyo iachwe ipoe taratibu.

Taratibu. Neno hilo lishike, ndilo lililonifikisha mahakamani.

Jumamosi ya tano ya Kwaresima ilikuwa zamu yetu kupokea jumuiya. Wiki iliyotangulia nyumba ya jirani walitoa soda, kreti mbili, Kwaresima ile ile! Watu walisema "jamani mmejinyima kweli" huku wanaomba kifungulio. Mama yeye alikuwa amepanga chai ya maziwa na viazi. Nikamwambia safari hii aniachie mimi kinywaji.

"Kinywaji gani?"

"Chai ya barafu, Mama."

Akaweka chini kisu cha kumenyea. "Watu waje kusali, watoke na nimonia?"

Nilimbembeleza siku tatu. Mwisho akakubali, kwa sharti kwamba chai ya maziwa itakuwepo pembeni, kwa ajili ya watu wenye akili.

Kikaja kitendawili cha chombo. Wanajumuiya ni kama thelathini, nikapanga lita kumi na tano. Sisi madumu yetu yote yalikuwa na maji. Nikaenda kwa mama mdogo, sikumkuta, nikamkuta mwanawe wa miaka sita, akaniambia chukua lile kule nyuma ya jiko. Nikalichukua. Dumu la lita 20, la njano kama yale ya mafuta ya kula, limefunikwa vizuri kabisa. Ningelinusa ningekuwa na hadithi nyingine leo, lakini wiki ile mafua yalikuwa yameniziba pua zote mbili, hata kitunguu kikikaangwa nasikia sauti tu.

Na sikulichukua bila kuliosha, hilo niandikiwe. Niliweka maji ya moto, sabuni ya unga na kokoto, nikalitikisa kama mtu anayetafuta redio ndani. Mara tatu. Kokoto zilipita kila mahali zilipoweza kupita. Ila dumu lina mkono, na mkono wa dumu ni mtupu ndani, una kitundu huku na kitundu kule. Kokoto haziingii humo. Wala mimi sikujua kwamba humo kuna kitu cha kuoshwa.

Alhamisi jioni nikabandika sufuria lile kubwa linalotembea mtaa mzima misiba ikitokea. Maji yalipotokota nikaepua, nikatia majani robo kilo, nikahesabu dakika tano kwa simu, nikachuja. Sukari kilo mbili, nikakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Nikaonja: tamu, nyekundu, safi. Nikasubiri ifike uvuguvugu, maana chai ya moto ingelikunja dumu, ndipo nikamimina na kukaza kifuniko kwa nguvu zote za ujana wangu. Kwa sababu ilitakiwa ipoe taratibu, nikaliweka jikoni, karibu na mafiga. Ijumaa ilinyesha kutwa nzima, Mama akawa na makande motoni tangu asubuhi. Dumu langu likashinda hapo linaota moto kama mzee.

Jumamosi asubuhi nikalikuta limevimba. Si kidogo. Lile umbo la pembe nne lilikuwa limepotea, limekuwa mviringo kama mbuzi aliyefungulia gunia la mahindi. Nikaligonga, likalia *ti!* kama ngoma. Nikajisemea ni joto la jiko, plastiki ikipata joto si inatanuka? Niliipata sayansi darasa la sita, na siku hiyo niliitumia yote. Nikalibeba hivyo hivyo mpaka sebuleni, nikaliweka kwenye meza yenye kitambaa cheupe alichofuma Mama mwenyewe, barafu za dukani kwenye beseni, malimau yamekatwa. Nikatoka kwenda kupokea watu.

Sala ikaenda vizuri. Masomo, maombi, sadaka, matangazo. Mwenyekiti wetu ni mzee mmoja mcheshi, na siku ya Jumatano ya Majivu alikuwa ametangaza mbele ya wote kwamba mwaka huu amejinyima ulanzi, pombe yetu ya mianzi, mpaka Pasaka. Kwa asiye wa huku, elewa uzito wa nadhiri hiyo. Kwaresima inaangukia kwenye mvua, na mvua ndiyo msimu wa ulanzi. Mianzi michanga inakatwa ncha, utomvu unadondoka wenyewe. Asubuhi ni mtogwa, mtamu, unaweza kumpa mtu yeyote. Ukiulaza unakuwa mkangafu, na huo una heshima zake. Hauhitaji hamira wala kupikwa, unajiweza. Mzee alikuwa amejinyima yote mawili, na kila Jumamosi alitukumbusha zimebaki siku ngapi.

Baada ya baraka nikasimama. Nikatoa hotuba. Ndiyo, hotuba: Georgia, 1879, kila kitu. Nikashika kifuniko, nikakizungusha.

Dumu likasema *pshiiiii*, kwa muda mrefu, kama basi linaposhusha abiria stendi. Halafu povu likapanda. Lilipanda shingoni mwa dumu, likateremka juu ya vidole vyangu, likafika kwenye kitambaa cha Mama, likaanza kutafuta daftari la katibu. Watoto wakapiga kelele: "Ina gesi! Ina gesi!"

Watu wote wananitazama. Mama ananitazama. Na hapa, badala ya kunyamaza kama mtu aliyelelewa vizuri, nikasema: "Ndivyo ya Marekani ilivyo."

Basi. Imeshakuwa ya Marekani, nani atapinga?

Nikawamiminia. Mwenyekiti akapata ya kwanza, akaonja, akafumba macho. Akaonja tena. "Hii," akasema, "inakwaruza koo vizuri." Akamaliza. Akanyoosha glasi.

Pembeni yake alikaa bibi wa nyumba ya kona. Bibi huyu aliuza ulanzi miaka mingi kabla magoti hayajamkataza, akasomesha watoto kwa ulanzi huo huo. Alipokea glasi, akainusa kwanza, akanywa funda moja, akalizungusha mdomoni, akameza. Hakusema neno. Aliangalia dumu. Aliniangalia mimi. Kisha watoto walipojipanga foleni na vikombe vyao, akanyanyuka kwa fimbo yake, akasimama kati yao na meza.

"Nyie mtakunywa chai ya maziwa. Hii ina majani makali, hamtalala."

Nilimshukuru moyoni kwa kunihurumia, nikidhani anaona haitatosha. Akarudi kukaa, akanivuta shati, akaninong'oneza:

"Mjukuu wangu, hii chai ni ya leo au ya jana?"

"Ya juzi, Bibi. Imepoa taratibu."

"Ehee. Nimeiona." Akanyoosha glasi. "Barafu usitie, inaipunguza."

Nisiongeze chumvi: hakuna aliyelewa. Lakini jumuiya ambayo kwa kawaida saa kumi na mbili jioni imeshatawanyika, siku hiyo saa moja ilikuwa bado imekaa. Mwenyekiti alirudia matangazo, yale yale, kwa furaha mpya. Akina mama wawili waliokuwa hawasalimiani tangu Krismasi kwa sababu ya kuku walikaa benchi moja na kukubaliana kwamba kosa lilikuwa la kuku. Michango ya paa la kigango, iliyokwama muda mrefu, ilipata ahadi nne kwa mpigo, mojawapo ya bati kumi kutoka kwa mtu ambaye nyumba yake mwenyewe inavuja. Chai ya maziwa ya Mama ilinywewa na watoto peke yao. Mimi nilikuwa natembea katikati ya watu na dumu kama bwana harusi, mafua yamenibana, mdomoni sionji kitu ila utamu na mchomo wa gesi. Niliambiwa nifungue biashara.

Jumapili baada ya Misa mama mdogo akaja kufuata dumu lake. Mama alikuwa anakilowesha kitambaa chake kwenye karai.

"Naskia mmechukua dumu langu la ulanzi."

Kimya. Hata karai lilinyamaza.

"La mafuta, Mama mdogo," nikasema.

"La mafuta ninalo ndani. La nyuma ya jiko ni la ulanzi, msimu huu wote. Mimi siliosagi, nikiliosha ulanzi unachelewa kuiva." Akaliinamisha, akalitikisa kwa namna ambayo mimi sikuijua, mkono wa dumu ukiwa chini. Kwenye kitundu cha mkono kikatoka kitu cheupe, kizito kama uji uliokaa, kikadondoka kwenye majani, *pta*. Mafua yangu yalikuwa yameanza kuachia siku hiyo. Nilikisikia harufu mpaka kisogoni.

Hesabu yote ikajipanga mbele ya macho yangu. Masimbi, yale mashapo ya ulanzi, kwenye mkono wa dumu, kilo mbili za sukari, uvuguvugu, mafiga, siku mbili. Nilikuwa nimetengeneza pombe ya majani ya chai, nikaipeleka kwenye sala, nikaitolea hotuba.

Mama akakamua kitambaa pole pole mpaka tone la mwisho.

"Mwenyekiti alikunywa glasi ngapi?"

"Nne, Mama."

"Na nadhiri yake?"

Sikujibu.

"Na mimi nilikunywa ngapi?"

"Mbili."

"Moja," akasema. "Ile ya pili nilikuwa naonja."

Tukakubaliana watatu kwamba jambo hili litaishia kwenye karai lile. Mama mdogo akaapa, na kwa kuwa naye Jumamosi alikuwepo na alikunywa, kiapo chake nilikiamini. Kwa mwenyekiti sikuwa na la kufanya. Tulipokutana sokoni Jumatatu alinishika mkono muda mrefu, akasema zimebaki siku chache na anajisikia mwenye nguvu ajabu mwaka huu, hata hamu ya ulanzi imemtoka tangu Jumamosi. Nilimwambia Mungu ni mwema, nikaenda kununua nyanya nisizozihitaji.

Jumanne jioni, mvua inanyunya, nikasikia fimbo mlangoni. Bibi wa nyumba ya kona. Shikamoo, marahaba, pole na baridi. Akaingia, akafungua khanga, akatoa juu ya meza sukari kilo mbili na pakiti ya majani ya chai, akavipanga kimoja kando ya kingine. Akachungulia jikoni kuhakikisha Mama yuko mbali.

"Nitengenezee ile ya Marekani," akasema. "Jumamosi nina wageni. Dumu nenda kamwombe mama yako mdogo, na safari hii usilioshe."