Esansi ikipanda, baiskeli itatutosha Lubumbashi?

Kila esansi, yaani petroli, inapopanda bei Lubumbashi, nauli ya taksi-basi hupanda nayo, na ndani ya gari hakosekani wa kusema ni heri mtu anunue baiskeli. Wazo hilo si la kupuuzwa. Bei ya pampu hupangwa na serikali kwa kanda, na sisi wa kusini mwa Kongo mafuta yetu husafiri nchi kavu mwendo mrefu, mengi yakipitia Zambia. Gharama ya njia hiyo haitatuondokea karibuni.

Kwa umbile la ardhi, baiskeli inatufaa. Bukavu, mji wa milima, anayeteremka kutoka mtaa wa Kadutu asubuhi ataisukuma jioni kurudi nyumbani. Sisi tuko kwenye uwanda wa juu, mita kama 1,200, na miinuko yetu ni midogo. Kutoka mitaa yetu ya Katuba au Kenya hadi katikati ya mji, nusu saa inatosha bila kukimbizana. Mtu anayeendesha gari peke yake umbali huo anachoma esansi nyingi akiwa kwenye foleni.

Kwa mkaaji wa Ruashi hesabu ni nyingine. Njia ni ndefu, jua la Oktoba ni kali, kisha mvua za Novemba hadi Machi hugeuza barabara za udongo kuwa tope. Mwalimu anayetakiwa kuingia darasani na shati safi ana haki ya kukataa. Mama mwenye mtoto mgongoni na beseni la bidhaa, hata zaidi.

Kuna wanaoikataa kwa sababu wanaiona ni chombo cha maskini. Hiyo siikubali hata kidogo. Majiko ya mji huu yanawaka kwa jasho la waendesha baiskeli wanaoleta makala, yaani mkaa, kutoka porini: magunia yamepangwa kupita kimo cha mtu, yamefungwa kwa mipira ya tyubu kuukuu, na mwenyewe anasukuma ameinama, haoni mbele vizuri. Honi ya lori la madini ikilia nyuma yake, inambidi aiache lami na kushuka kwenye kokoto za pembeni. Mzigo ukiyumba, anaweza kuangukia barabarani.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo lenyewe. Kumwambia mfanyakazi aache gari ni kumpeleka kwenye ukingo huohuo. Pikipiki ingalau ina mwendo wa kukwepa, ingawa nayo inakunywa esansi.

Kwa hiyo naunga mkono baiskeli kwa wanaokaa karibu na kupita mitaa ya ndani. Kwenye barabara kuu, bado. Avenyu za katikati ya mji, uliojengwa tangu 1910, ni pana. Zinapowekwa lami upya, utengwe ukanda wa baiskeli wenye kizuizi cha zege, maana mstari wa rangi hauzuii lori. Na waajiri watenge mahali penye mlinzi pa kuziegesha, kwa sababu mtu aliyeibiwa baiskeli mara moja atarudi kwenye taksi-basi hata nauli ikiwa ya juu.